Trekta Nalo Lataka Deheni

Maji ya bamvua yanapojaa, mashua za mwambao wetu husukumwa mpaka juu ya mchanga, zikaachwa hapo maji yanapotoka. Zikishakauka huinamishwa ubavu, magamba na mwani vikakwanguliwa, makuti yakawashwa chini yake ili moto umalize wadudu wanaotoboa mbao. Kisha huja kalafati katika maungio, na mwishowe deheni, ule mchanganyiko mzito wa chokaa na shahamu unaopakwa tumboni mwa chombo kwa kiganja. Mbao za juu hupata sifa, mafuta ya samaki yenye harufu inayomfuata mtu hadi nyumbani. Kazi hiyo hurudiwa tena na tena maisha yote ya chombo, na hakuna nahodha anayeihesabu kuwa hasara. Mwenye mali karibu na bahari ndivyo anavyoishi.

Ukiacha ufukwe wa Palma au Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, ukapanda kidogo kuelekea kwenye mikorosho na mashamba ya mihogo, desturi hiyo hukatika ghafla. Trekta lililomaliza kulima Januari huegeshwa chini ya mwembe, jembe la sahani likiwa limening'inia nyuma, jeki zimenyooshwa, fimbo zake za chuma zinang'aa juani. Hubaki hivyo mpaka Oktoba. Siku linapowashwa tena injini inaitika, watoto wanashangilia, lakini jembe halinyanyuki. Au linanyanyuka, kisha linashuka lenyewe polepole huku mafuta yakichuruzika kwenye fimbo na kuchora doa jeusi mchangani. Watu husema trekta lilikuwa la hali duni tangu lilipoletwa.

Msimamo wangu ni kwamba trekta la pwani hii halifi kwa kulima. Hufa likiwa limeegeshwa, na kinachotangulia kufa ni haidroliki.

Hesabu ya msimu yenyewe inatosha kulionyesha hilo. Mvua za kaskazini mwa Msumbiji huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Kulima mashamba ya mahindi, ufuta na mpunga hukusanyika katika wiki chache, kabla ya mvua na mwanzoni mwake. Baada ya hapo trekta linaweza kuvuta tela, likabeba mihogo au matofali, lakini mfumo wa kunyanyulia jembe hauna kazi kwa miezi minane au tisa. Miezi hiyo ndiyo mibaya kuliko yote. Kwanza hupita mvua na joto lake. Kisha upepo hugeuka, kusi ikaingia kutoka kusini-mashariki, yaani moja kwa moja kutoka baharini, na kuvuma mpaka Septemba. Mawimbi yanapovunjika juu ya matumbawe hurusha matone madogo mno. Maji yake hukauka hewani, chumvi ikabaki inasafiri na upepo. Mkazi wa Palma haambiwi habari hiyo. Anaiona kwenye misumari ya bati la nyumba yake, kwenye komeo la mlango, kwenye baiskeli ya mwanawe.

Chumvi hiyo haihitaji mvua ili ifanye kazi. Chumvi ya kawaida huvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe unyevu unapofika asilimia 75 hivi, na usiku wa pwani hufika hapo bila shida. Ndani ya chumvi ya bahari mna pia chumvi ya magnesi, ambayo huvuta maji hata unyevu ukiwa theluthi moja tu. Maana yake ni kwamba chuma chenye vumbi la bahari hakikauki hata siku ambayo mkono wako unakiona kikavu. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, limeyagawa mazingira kwa ukali wake katika kiwango chake namba 9223. Katika daraja la kati, C3, chuma cha kawaida kisichopakwa kitu hupoteza mikroni 25 hadi 50 kwa mwaka. Katika daraja la C5, ambamo pwani nyingi zenye chumvi huingia, hupoteza mikroni 80 hadi 200. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Ziweke tarakimu hizo akilini, maana tunaingia ndani ya jeki.

Jeki ya trekta ni kitu rahisi. Pampu husukuma mafuta ndani ya bomba la chuma, mafuta husukuma pistoni, pistoni husukuma fimbo, fimbo hunyanyua mzigo. Shinikizo lake ni kubwa, baa 150 hadi 200 kwa matrekta mengi, wakati tairi la gari dogo hujazwa baa 2 na kitu. Kinachozuia mafuta hayo yasitoroke ni oili sili, pete ya mpira inayoikumbatia fimbo mdomoni mwa jeki. Ili pete hiyo idumu, fimbo lazima iwe laini kama kioo, na ndiyo sababu imepakwa kromu. Sasa kromu hiyo, katika fimbo nyingi, ina unene wa mikroni 20 au 30. Haifiki nusu ya unywele. Tena ina nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, kwa sababu kromu ngumu huzaliwa nazo inapopakwa kiwandani.

Wakati wa kazi nyufa hizo si tatizo. Fimbo ikiingia na kutoka, mafuta huacha utando mwembamba juu yake na kuziziba. Trekta likisimama miezi mitatu fimbo ikiwa nje, utando huo hukauka, chumvi ikatua, unyevu ukaja, maji ya chumvi yakapenya kwenye ufa mpaka kwenye chuma kilicho chini. Kutu huanzia ndani. Kutu ina ujazo mkubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo huvimba na kuibetua kromu kutoka chini, kipande kidogo kama punje ya ulezi kikabanduka. Hapo ndipo fimbo inapopata shimo lenye kingo kali. Siku jeki inapotumika, shimo hilo hupita kwenye oili sili kama wembe, mara mamia kwa siku. Fundi ataitwa, atabadilisha oili sili, atalipwa, na baada ya wiki mbili mafuta yatachuruzika tena, kwa sababu mpira ni mpya lakini wembe ni uleule. Nimeona niueleze mwendo huu kwa urefu kwa sababu mwenye trekta huwa anamlaumu fundi, na fundi analaumu mpira, wakati kosa lilitendeka miezi mingi nyuma, siku lile trekta lilipoegeshwa.

Kuna pia kutu isiyoonekana kabisa. Tangi la mafuta ya haidroliki likiachwa nusu, nafasi tupu hujaa hewa yenye unyevu. Mchana hewa hupanuka na kutoka, usiku hupoa na kuvuta nyingine, maji yakatona kwenye kuta za tangi na kuzama chini ya mafuta. Mafuta yenye maji hubadilika rangi yakawa kama chai ya maziwa. Ukiyaona hivyo, jua pampu na valvu zimekwisha anza kuliwa.

Unyanyuaji huu wa jembe kwa mafuta ulienezwa duniani na Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, ambaye trekta lake dogo la TE20 lilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, 1946. Mwaka huohuo ndipo Frank Samuel wa kampuni ya United Africa Company alipoipelekea serikali ya Uingereza wazo la mashamba makubwa ya karanga Tanganyika. Moja ya maeneo yaliyochaguliwa lilikuwa Nachingwea, ng'ambo ya Ruvuma, jirani kabisa na huku kwetu. Mashine za vita zilizobaki baada ya 1945, yakiwemo matrekta yaliyokuwa Ufilipino, zilinunuliwa na kuletwa Afrika Mashariki, nyingi zikiwa zimechakaa. Huko Kongwa, eneo jingine la mpango huo, kabla 1947 haijaisha, theluthi mbili ya matrekta yaliyoingizwa hayakuwa yakifanya kazi. Sababu zilikuwa nyingi: udongo mgumu, madereva wasiofundishwa, vipuri visivyofika. Mpango ulifungwa Januari 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Bandari ya Mtwara iliyojengwa kwa ajili yake ipo mpaka leo. Reli ya kwenda Nachingwea iling'olewa, na Nachingwea yenyewe ikaja kuwa kambi ya mafunzo ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji.

FRELIMO nao walirithi kwa uchungu somo hilo la mashine zinazosimama. Baada ya uhuru wa 1975 Msumbiji iliweka fedha nyingi katika mashamba ya serikali na mashine kutoka nchi za nje, na katika Mkutano Mkuu wa Nne wa chama, Aprili 1983, viongozi wenyewe walikiri kwamba mkulima mdogo alikuwa ameachwa nyuma huku mashine zikisimama kwa kukosa vipuri na matunzo. Miaka mingi imepita. Matrekta yameendelea kuja, kwa mikopo na kwa misaada, na kila mara sherehe ya makabidhiano hupigwa picha. Banda la kuyalaza sijaliona katika picha hizo.

Kisha ikaja vita, na kimbunga juu yake. Mashambulizi ya waasi yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Kimbunga Kenneth kilipiga tarehe 25 Aprili 2019, upepo wake ukifikia kilometa 220 kwa saa, kikang'oa mapaa ya Macomia, Quissanga na Ibo. Agosti 2020 Mocímboa ikatekwa na kushikiliwa mwaka mzima, na tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Zaidi ya watu laki saba waliyahama makazi yao katika mkoa wetu. Mtu anayekimbia na watoto hawezi kuwaza jeki ya trekta, na asilaumiwe na yeyote. Lakini wengi wamerudi, na wanarudi kwenye vyombo vilivyolala nje misimu mitatu au minne ya kusi. Kwao nina neno moja la kwanza: msiliwashe trekta na kuvuta wenzo wa jembe siku hiyohiyo. Fimbo iliyokaa nje miaka ikirudishwa ndani na kutu yake itakata oili sili kwa safari moja tu. Kwanza ioshwe, ifutwe, ipakwe mafuta mepesi na kuachwa siku mbili; ipapaswe kwa ukucha kila upande. Ukucha ukinasa, hapo pana shimo, na fundi aambiwe mapema kwamba fimbo ndiyo ya kutengenezwa. Mafuta ya zamani yamwagwe yote, filta ibadilishwe. Na msasa usiguse kromu hata mara moja. Nimewahi kuona mtu akiisugua fimbo kwa msasa mpaka ikang'aa kama fedha, akidhani ameiokoa. Alikuwa ameondoa ngozi yake ya mwisho.

Sasa kwa anayelilaza trekta lake akiwa na amani na nafasi. Jambo kubwa kuliko yote halina gharama hata senti: jeki ziingizwe ndani. Shusha jembe mpaka lipumzike juu ya mbao, rudisha kila fimbo ndani ya bomba lake kadiri inavyoingia, zima injini, kisha sukuma wenzo mbele na nyuma ili shinikizo litoke. Fimbo iliyo ndani ya bomba imezungukwa na mafuta na chumvi haiifikii. Zipo jeki ambazo jembe likishuka fimbo hutoka badala ya kuingia. Hizo, na kipande chochote kinachobaki nje, zipakwe grisi nene baada ya kuoshwa na kukaushwa. Hapo ndipo deheni ya trekta ilipo. Kopo moja la grisi linatosha jeki zote za trekta na tela lake, na bei yake huwezi kuilinganisha na ya fimbo mpya, wala na nauli ya kuifuata Pemba au kuvuka Ruvuma kwenda Mtwara. Msimu ukirudi, grisi hiyo ifutwe yote kwa kitambaa safi kabla ya kuvuta wenzo, maana imekwisha nasa mchanga.

Kuosha kunataka maji matamu. Hapa pwani visima vingi vina maji ya chumvichumvi, na kuosha mashine kwa maji hayo ni kuipaka adui kwa mkono wako. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati ni bora kuliko ya kisima. Pipa moja likiwekwa kando kwa kazi hiyo linatosha. Dizeli na petroli zisitumike kuoshea karibu na oili sili na hozi, kwa kuwa huudhuru mpira.

Banda nalo lina hila yake. Wengi hujenga paa juu ya nguzo nne wakaridhika. Katika hewa ya bahari, paa bila ukuta linaweza kuwa baya kuliko kutokuwa na paa, kwa sababu mvua, pamoja na ubaya wake, huosha chumvi. Chini ya paa chumvi huingia na upepo, ikatua, na hakuna kinachoiondoa. Ndiyo maana utaona upande wa chini wa bati la kibaraza umeoza kabla ya upande wa juu. Kwa hiyo banda la trekta la Palma au Quionga lazima lizibwe upande wa kusini-mashariki, kwa ukuta wa udongo, mawe ya matumbawe, hata makuti yaliyosukwa mara mbili. Upande wa nyuma ya upepo uachwe wazi ili hewa ipite. Paa la makuti lina heri moja ambayo bati halina: alfajiri halitoni umande juu ya mashine. Lina hatari ya moto pia, na mwenye banda apime mwenyewe. Sakafu iinuliwe kwa kifusi na magurudumu yakae juu ya mbao, maana udongo hutoa mvuke usiku kucha. Turubai lililofungwa kwa kubana mpaka chini huufungia mvuke huo ndani.

Mbolea isilazwe na trekta nyumba moja, wala magunia ya chumvi, wala samaki wa ng'onda. Kuku nao watafutiwe pengine. Kinyesi chao hula rangi na chuma. Panya hutafuna hozi na nyaya. Hozi zenyewe zifunikwe zisipigwe na jua, na midomo yake iliyofunguliwa izibwe kwa vifuniko vyake au plastiki iliyofungwa imara. Kitambaa kisitumike, kwa kuwa hunyonya unyevu na kuacha nyuzi ndani ya bomba. Tangi la mafuta lijazwe mpaka alama ya juu.

Mara moja kila mwezi liwashwe. Dakika tano hazitoshi, zinaongeza maji ndani kuliko kuyatoa. Liachwe mpaka lipate moto hasa, grisi ikiwa imefutwa, jeki zinyooshwe na kurudishwa mara kadhaa ili mafuta yapite kila mahali, kisha fimbo zirudi ndani na kupakwa upya. Ukiona palipolowa, usitafute tundu kwa kidole. Mafuta yanayotoka kwenye kitundu cha hozi kwa shinikizo la baa 150 hupenya ngozi kama sindano. Kidonda huonekana kidogo, lakini mkono unaweza kukatwa. Pitisha kipande cha boksi badala ya kidole, na aliyechomwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo hata kama hasikii maumivu.

Lipo jambo moja ambalo mkulima peke yake hawezi. Chumvi ya hewani hupungua haraka kadiri unavyoondoka ufukweni. Mita mia chache za kwanza ndizo kali, na baada ya kilometa chache hali ni nyingine kabisa. Mashine za vyama vya wakulima na za wilaya hazina sababu ya kulala mbele ya bahari miezi tisa. Ziegeshwe bara, njiani kuelekea uwanda wa Mueda, mahali ambapo ulinzi upo, zishuke pwani wiki za kulima. Kwa mashine ya mamilioni ya metikali, safari hiyo ni nafuu.

Kwa hiyo nawaomba wanaotia saini mikataba ya matrekta, wawe wa Maputo, Pemba au wafadhili wa nje: katika karatasi ileile iliyoandika idadi ya matrekta, andikeni banda lenye ukuta upande wa kusi, pipa la maji ya mvua, makopo ya grisi, mafuta na filta za miaka mitatu, na mshahara wa mtu mmoja wa kulitunza kila mwezi. Bila hayo, punguzeni idadi ya matrekta mpaka hayo yapatikane.

Na wewe uliye na trekta kijijini, kusi huanza Aprili. Kabla haijafika, nenda kaangalie kama fimbo za jeki zako ziko ndani.